Agnesi Aliniomba Nimwombee

Jumatano ya tarehe tatu Septemba, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, Agnesi Mghoi alifariki katika hospitali moja hapa Maskati. Alikuwa mtunza kanisa wa upande wa Wakatoliki, na mimi mtunza ukumbi wa upande wa Waprotestanti, ndani ya uzio mmoja. Wiki chache kabla ya kufa aliniomba jambo moja. Nilimjibu kweli, na kweli hiyo nimelala nayo vibaya tangu siku ile.

Nawaandikia nyinyi mliopokea funguo. Mlisema niwaachie maelezo ya kazi, maana mengi ya kazi yetu hayajaandikwa popote. Nimesoma hadi darasa la saba, kwa hiyo msitarajie maneno makubwa. Nitaeleza kazi na nitamweleza Agnesi, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha na sijui namna ya kuvitenganisha.

Nilikuja Oman kufanya kazi za nyumbani, Al Khoudh, kwa mwalimu mmoja wa chuo kikuu. Alikuwa Mhindi, Mprotestanti kama mimi, na kila Ijumaa alinipakia garini pamoja na watoto wake twende ibada. Huku Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, basi Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Mkataba wake na chuo ulipokwisha, aliniombea nafasi katika kiwanja cha makanisa, na huko ndiko nilikobaki mpaka nywele zimekuwa nyeupe.

Kiwanja chenyewe mnakijua, lakini huenda maandishi haya yakasomwa na mtu asiyekijua. Ni ardhi ambayo wenye nchi, ambao ni Waislamu, waliwapa Wakristo wasali. Uzio mmoja, lango moja, maegesho ya magari katikati. Upande wa kushoto Wakatoliki, upande wa kulia sisi wengine wote: Waanglikana, Wapentekoste na wengineo, tukipokezana ukumbi. Ibada moja inatoka, nyingine iko mlangoni na vinanda vyake. Mtunza ukumbi ana nusu saa ya kuondoa meza, kupanga viti upya, kubadilisha betri za vipaza sauti na kutafuta kiatu cha mtoto. Kiatu cha mtoto hakikosekani. Wekeni boksi.

Ijumaa yangu ya kwanza nilikuwa jikoni nyuma ya ukumbi, naosha vile vikombe vidogo vya meza ya Bwana. Juisi ya zabibu iliyobaki nikaimwaga kwenye sinki. Mwanamke mmoja mwembamba alikuwa ameingia kuazima ngazi, akasimama akinitazama.

"We dada, unamwaga nini?"

"Juisi iliyobaki."

"Iliyobaki wapi?"

"Mezani. Ya ushirika."

Akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. Halafu, akiwa ameitambua lafudhi yangu, akaniuliza kwa Kidawida, lugha ya Wataita, kwetu ni wapi. Nilishtuka kusikia lugha ya nyumbani Maskati. Nikamwambia Wundanyi. Yeye akasema anaitwa Agnesi, anatoka Bura.

"Basi nimeelewa," akasema. "Watu wa kule juu mnamwaga Yesu kwenye mtaro."

"Na nyinyi wa Bura mnamfungia kabatini," nikamjibu.

Nilidhani nimeharibu. Lakini alicheka hadi akaiweka ngazi chini.

Kwa asiyetoka Taita nieleze. Wamishonari walipofika kwetu kila kundi lilishika mlima wake. Kwetu walikuja Waingereza, tukawa Waanglikana. Bura walikuja mapadre, wakawa Wakatoliki. Ukipanda gari asubuhi, saa sita umeshafika kwao na kurudi, lakini mama yangu hakuwahi kuniruhusu kukanyaga kanisa lao. Nilivuka bahari ndipo nikaingia kanisa la Kikatoliki kwa mara ya kwanza, tena kumsaidia Agnesi kubeba zulia.

Agnesi alinionyesha sakristia yao, chumba cha vyombo. Ukutani mlikuwa na beseni dogo ambalo bomba lake haliendi kwenye maji machafu. Linashuka moja kwa moja ardhini. Maji ya kwanza ya kuoshea kikombe cha Misa humwagwa humo, kwa sababu wao wanaamini divai ile imekuwa damu ya Kristo kweli. Kwetu wengi tunasema ni ukumbusho. Hatukubishana siku ile. Ila baada ya miezi niligundua kwamba juisi iliyobaki siimwagi tena kwenye sinki. Nilikuwa naipeleka nje, naimwagia mti wa mwarobaini. Hakuna aliyeniambia. Agnesi aliniona, akanyamaza, na kwa Agnesi kunyamaza ilikuwa kazi nzito.

Sasa mambo ya kazi aliyonifundisha. Kitambaa cha meza ya Bwana msikikunje, kizungusheni kwenye bomba la plastiki, kisiwe na makunyanzi. Vumbi la hapa linapita hata dirisha lililofungwa, kwa hiyo kinanda kifunikwe Alhamisi jioni na kifunuliwe Ijumaa asubuhi, si kabla. Nta ya mshumaa kwenye zulia, wekeni barafu kwanza igande, ibanduliwe, kisha karatasi ya kaki na pasi ya moto kiasi. Nta kwenye vigae, kwangueni kwa kisu butu. Agnesi alikuwa na kisu cha siagi chenye mpini wa mbao. Kwa kukwangua kilikuwa kimelika upande mmoja kama jino la mzee. Walinunua vikwanguo vipya mara mbili, akavitia kabatini, akaendelea na kisu chake.

Mtu wa tatu wa kiwanja ni Ami Nasor, mnayemjua nyote. Yeye ni Mwomani aliyezaliwa Unguja, anakaa Sib, na ndiye msimamizi wa maji na umeme wa kiwanja chote. Anaingia makanisani na bisibisi yake, anatengeneza, anatoka. Alasiri moja ya Julai viyoyozi vya pande zote mbili vilizima kwa pamoja. Tulikaa naye kivulini kungoja kipuri, na chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, akatuuliza.

"Nna suali, na msinikasirikie. Nyinyi Nabii Isa wenu mmoja, kitabu kimoja, hata bomba la maji nimekutilieni moja. Milango miwili ya nini?"

"Muulize huyu," akasema Agnesi. "Wao ndio waliotoka."

"Tulitolewa," nikasema.

"Haya, anzeni mwanzo," akasema Ami Nasor.

Nikaanza nilivyofundishwa darasa la kipaimara. Miaka mia tano na zaidi iliyopita Ulaya ya magharibi ilikuwa na kanisa moja, la Papa wa Roma. Watu waliamini kwamba mtu akifa na dhambi ndogo anapita toharani, mahali pa kuteseka na kutakaswa kabla ya mbinguni. Basi wakaja wahubiri wakiuza vyeti vya rehema. Mtu ananunua cheti, mateso ya mama yake yanapunguzwa. Na fedha nyingine zilikwenda kujenga kanisa kubwa la Roma. Mtawa mmoja Mjerumani, ambaye pia alikuwa mwalimu wa chuo, jambo hilo likamchoma. Akaandika hoja tisini na tano za kupinga. Inasimuliwa kwamba alizigongomea kwenye mlango wa kanisa, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote.

"Mlango ule ulikuwa wa nani?" akauliza Agnesi. "Angekuwa mlango wangu, nani angeziba matundu ya misumari?"

"Endelea, usimsikilize," akasema Ami Nasor.

Nikaendelea. Mashine za kuchapa vitabu zilikuwa mpya, hoja zikasambaa. Papa akamtaka ajirudi, akakataa, akatengwa na kanisa. Watawala wengine wa Kijerumani wakamkinga, wengine kwa imani, wengine kwa sababu walichoka kuamriwa na Roma. Akatafsiri Biblia kwa lugha ya watu wake. Akafundisha kwamba mtu haokolewi kwa matendo yake wala kwa cheti, bali kwa neema, kwa kuamini. Huko kwingine wakaja wengine na mafundisho yao, nao hawakupatana wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana upande wetu wa kiwanja tuna ratiba ndefu.

"Sasa mwambie na lenu," akasema Agnesi. "Lile la Waingereza. Ami, mfalme wao alitaka kumwacha mke aoe mwingine. Papa akakataa. Mfalme akasema, basi kanisa la nchi hii mkubwa wake ni mimi."

Ami Nasor aliweka kikombe chini. "Kwa mke mmoja tu?"

"Mmoja tu kwanza," akasema Agnesi. "Baadaye aliongeza."

"Wallahi angelikuja kwetu tungelimsaidia, na kanisa lake lingelikuwa zima mpaka leo."

Tulicheka sana. Kisha Agnesi akasema neno ambalo sikulitegemea. Akasema kuuza rehema ilikuwa dhambi, na kanisa lake lenyewe baadaye lilipiga marufuku biashara ile. "Mtawa alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini nyinyi mlipotupa vyeti, mkawatupa na wafu. Hamuwaombei tena."

"Wako mikononi mwa Mungu," nikasema. "Hukumu imepita. Tuongeze nini?"

"Waliuana kwa haya?" akauliza Ami Nasor.

Waliuana, miaka mingi, vijiji kwa vijiji. Agnesi ndiye aliyejibu: "Sana." Kisha kipuri kikafika.

Jambo gumu kuliko yote kazini si vumbi wala nta. Ni mtu anapofia hapa bila jamaa. Nakumbuka mlinzi mmoja Mkenya aliyeanguka kazini. Wenzake hawakujua alikuwa dhehebu gani. Katika sanduku lake walikuta rozari, na kitabu cha nyimbo cha Kiprotestanti. Mchungaji wetu na padre walishauriana kwa heshima na kwa muda mrefu, mwili ukingoja. Agnesi alikuja na ufagio wake akasema, "Mzikeni nyinyi, mimi nitamwombea. Hatapungukiwa kitu." Ikawa hivyo. Sisi tukazika, na tangu hapo kila Siku ya Wafu, tarehe pili Novemba, Agnesi alimtaja yule mlinzi katika Misa yao. Hakuwa wa pekee. Aliwataja mayaya, wapishi, madereva, watu ambao hakuwahi kuwaona wakiwa hai. Aliniambia majina yao hukaa kichwani mwake kama vyombo kabatini.

Kila mwaka mwisho wa Oktoba tulifanya kazi pamoja. Upande wangu baadhi ya madhehebu hukumbuka siku ya mtawa na hoja zake. Siku mbili baadaye, upande wake, wanawaombea marehemu wote. Mimi nilimwazima viti, yeye alikuja kunisaidia kuning'iniza mabango. "Leo nakusaidia kusherehekea mlivyotukimbia," angesema, mdomoni ameshika pini. "Kesho kutwa wewe utakuja kunibandulia nta." Na nilikwenda, kila mwaka, lakini baada ya watu kuondoka. Wakati wa Misa yenyewe nilikaa nje.

Mwaka jana alianza kukonda, akasema ni joto. Mwaka huu baada ya Pasaka walimpima, wakamkuta na saratani ya tumbo, imeshaenea. Alikataa kurudishwa nyumbani. Wazazi hawapo, hakuolewa, hakuzaa. Ana dada mmoja tu kule Bura, mzee, haoni vizuri. Nilikuwa natoka chumbani kwangu Ghubra asubuhi, nafungua ukumbi, mchana nakwenda hospitali na uji kwenye chupa. Padre alifika akampaka mafuta ya wagonjwa. Siku ya pili yake akaniomba lile jambo.

"Wakesho, nikifa utaniombea?"

"Nakuombea kila siku."

"Sasa hivi nina padre, nina masista, nina wewe. Nasema baadaye."

Nilijua anauliza nini. Nikakaa na kijiko mkononi.

"Agnesi, sikufundishwa hivyo. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya, nawe utaondoka na uongo wangu."

"Ungedanganya tu. Ningejuaje?"

"Ungejua."

Akatabasamu. "Kweli, huna uso huo. Mtawa wako alikugongomea barabara." Kisha akageukia ukutani. "Mimi sina mtoto, Wakesho. Wale wote nimewataja mimi. Mimi nani atanitaja?"

Muuguzi aliingia kubadilisha chupa ya dripu. Nilipomaliza kumnywesha uji alikuwa amelala, au alijifanya amelala. Nilikwenda tena siku nyingi baada ya hapo. Tuliongea habari za nyumbani, za bei ya mishumaa, za dada Marites Mfilipino aliyekuwa anashika nafasi yake. Jambo lile hakulirudia. Ningependa kuandika kwamba tulilimaliza, lakini hatukulimaliza.

Tulimzika kwenye makaburi ya Wakristo, ardhi ya mawe, wachimbaji wakitumia sululu. Ami Nasor alikuja na kanzu safi na kofia, akasimama nje ya duara letu. Baadaye akanisindikiza hadi garini.

"Mimi kumuombea wa dini nyengine, kwetu haimo, mwanangu," akaniambia taratibu. "Sitokudanganya. Lakini kumzika nimekuja, na kaburi lake nitalitilia maji lisikae vumbi."

Nikamwambia hata kwetu haimo.

"Hata nyinyi?" Akanitazama. "Mbona huyu alikuwa wenu?"

Nikafungua mlango wa gari, nikaingia.

Siku yangu ya mwisho ya kazi iliangukia Ijumaa ya tarehe thelathini na moja Oktoba, ile ile siku ya mtawa. Nilining'iniza mabango peke yangu. Mchungaji wa ibada ya Kiswahili, kijana wa kwetu Kenya, alihubiri juu ya hoja zile. Watu walipotoka nilimkabidhi Ami Nasor funguo awafikishie nyinyi, halafu nikamngoja mchungaji mlangoni.

"Mchungaji, yule mtawa alikataza kuwaombea wafu?"

Akaweka begi chini. "Mwanzoni hakukataza, mama. Hoja zake zilipiga biashara ya vyeti. Toharani yenyewe aliikataa baadaye."

"Na alipoikataa, mtu aliyefiwa afanye nini?"

"Kuna mahali aliandika kwamba si dhambi mtu kumwomba Mungu kwa hiari yake: kama roho hii inaweza kurehemiwa, irehemu. Mara moja au mbili, basi, kisha amwachie Mungu. Si kwa Misa za kulipiwa. Kwa faragha."

"Sisi tunafundisha hivyo?"

"Hapana. Umeniuliza yeye alisema nini." Akachukua begi lake. "Ni kwa ajili ya Agnesi?"

"Ndiyo."

"Sitakuambia uombe, mama. Wala sitakuja kukuuliza kama umeomba."

Jumapili ya tarehe pili Novemba nilikwenda kiwanjani, sina funguo wala sare. Marites alikuwa ameniomba nimsaidie mishumaa. Safari hii sikukaa nje. Nilisimama nyuma, karibu na sinia kubwa la mchanga. Kila mtu alikuja, akawasha mshumaa mdogo, akataja wafu wake kwa lugha yake. Niliwasikia Wahindi, Wafilipino, Walebanoni. Kundi la Wakenya lilipita likiongea kwa pamoja, sikuweza kutenganisha majina. Huenda walimtaja. Sijui. Kazi yangu ilikuwa kuiwasha upya mishumaa iliyozimwa na kiyoyozi.

Foleni ilipokwisha, Marites alichukua mshumaa mmoja akaniwekea mkononi, akarudi mahali pake.

Nikauwasha. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mungu, huyu ni Agnesi Mghoi wa Bura. Kama anaweza kurehemiwa, mrehemu." Niliwaza kuwataja na wale aliokuwa akiwataja yeye. Nilimkumbuka mlinzi tu, nikamtaja. Wengine aliondoka nao.

Sijui kama nimevunja mafundisho ya kanisa langu. Sikuona chochote, wala sikusikia moyo ukitulia, kama watu wanavyopenda kusimulia. Niliona nta inamwagika kwenye vigae.

Watu walipotoka nilifungua kabati la sakristia, nikakikuta kile kisu cha siagi nyuma ya vikwanguo vipya. Nikapiga magoti sakafuni nikaanza kukwangua. Ami Nasor alikuja kuzima taa na kufunga.

"Bado hujamaliza, mwanangu? Si umeshastaafu?"

"Bado kidogo, Ami."

Alizima taa zote, akaniachia moja iliyokuwa juu yangu, akakaa kwenye kiti cha nyuma kunisubiri.